Mstari wa Mwisho wa Karatasi ya Jela

Dayton, Ohio
4 Februari 2018

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamekuachia kidogo, na jiko la kuni linawaka bila moshi. Sisi huku hatujambo. Baridi ndiyo imetukaba, na pale kliniki ya meno tangu asubuhi nawapokea watu wenye mashavu yaliyovimba. Ningekupigia simu, lakini miaka kumi na tisa ya milango ya chuma ya jela imeyamaliza masikio yako, na mara ya mwisho tulipigiana kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Nakuandikia juu ya Corbin. Najua ulisema jina la mdogo wangu lisitajwe mbele yako, basi barua haina mdomo. Alinipigia sikukuu ya Shukrani, Novemba, na tangu hapo kimya. Kila asubuhi kabla ya kazi nafungua kompyuta na kupitia orodha za mahabusu, kisha matangazo ya vifo. Nafuata mpangilio huo kwa makusudi. Nisamehe, Baba, lakini ninamwomba Mungu nimkute jela. Aliye jela anakula, analala ndani, na kuna mtu anayemhesabu asubuhi na jioni.

Shida ni kwamba sijui ninachofanya. Natafuta "Corbin Coffey" katika kaunti yetu ya Pruett na sioni kitu. Wewe ndiwe uliyekaa mapokezi ya jela, ukawapiga watu picha na kuwachukua alama za vidole. Nifundishe namna mtu anavyotafutwa.

Binti yako,
Marlena


Pruett, Kentucky
11 Februari 2018

Binti yangu,

Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili, kwa hiyo jua macho bado yapo. Magoti ni yale yale. Jiko linatoa moshi. Shangazi yako Zelma ananiletea maharage na mkate wa mahindi kila Alhamisi, nami nayala kimya kimya, maana chumvi hajui iliko.

Huyo unayemtaja aliuza cherehani ya mama yako wiki sita baada ya mazishi yake, ili akanunue vidonge vya kulevya. Nilimwambia asikanyage hapa tena, na huu ni mwaka wa pili sasa. Sijabadilika. Sitamtafuta.

Lakini kama wewe unatafuta, tafuta kwa akili. Achana na tovuti za watu wanaouza rekodi. Watakuonyesha kosa la miaka mitano nyuma kama la jana. Nenda kwenye orodha ya jela yenyewe. Mtu huandikishwa alipokamatwa, hata kama kwao ni kwingine, kwa hiyo chukua kaunti zote zinazopakana na Pruett, kisha zinazopakana na hizo. Usipomwona leo, rudi kesho. Anayeletwa hajitambui huachwa kwanza akili zimrudie ndipo aandikishwe.

Na kosa lako kubwa ni hili. Sisi watu wa milimani tunaitana kwa jina la kati, lakini afisa wa jela anaandika la kwanza kwenye leseni. Umesahau kwamba mdogo wako ni Elbert, jina la babu yako. Hakuna jela duniani itakayokuonyesha Corbin.

Baba yako


Dayton
2 Machi 2018

Baba,

Salamu zangu zote, na magoti nitayauliza barua ijayo. Nimempata.

Coffey, Elbert C., miaka ishirini na tisa, jela ya kaunti ya Laurel Fork. Ameandikishwa tarehe 27 Februari, saa nane na dakika kumi mchana. Makosa ni kuingia bila ruhusa katika kiwanda cha mbao kilichofungwa, na kukutwa na vidonge visivyo vyake. Picha ipo. Amekonda, ndevu zimemjaa, jicho la kushoto limevimba, lakini ameikazia kamera macho kama anayetaka kuiuliza swali. Ni yeye, Baba. Anaishi.

Nililia pale pale mapokezi, daktari akatoka kuniuliza ni jino gani linaniuma. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru na askari aliyemkamata, mtu nisiyemjua hata jina, kwa kumwondoa kwenye lile jengo lisilo na madirisha katika baridi hii. Na wewe nakushukuru. Peke yangu ningemtafuta Corbin mpaka uzeeni huku Elbert amekaa palepale.

Binti yako mwenye furaha,
Marlena


Dayton
14 Machi 2018

Baba mpendwa,

Hujambo? Naandika upesi ili barua imtangulie. Leo asubuhi pembeni ya jina lake imeandikwa "Ametoka", tarehe 12 Machi. Mdogo wangu yuko huru, na kwa mwezi huu wa Machi hana pa kwenda ila kwako. Kanisani kwetu tumetoa shukrani, na nimemtumia soksi na koti kwa anwani yako.

Akifika mlangoni, nakuomba usimwulize kitu kwanza. Mpe chakula. Maneno yatapata siku yake.

Binti yako,
Marlena


Pruett
31 Machi 2018

Binti yangu,

Sijambo, na Zelma anakusalimu. Nimekaa siku nyingi bila kukujibu, lakini si kwa hasira. Koti limefika. Mwenye koti hajafika.

Kanisa lenu limeshukuru mapema. Hukuusoma mstari wote. Baada ya neno "Ametoka" kuna herufi tatu, nami nimeziandika mara elfu kwa mkono wangu. Maana yake hakuachiwa mlangoni, amekabidhiwa kaunti nyingine inayomdai. Kwa daftari la Laurel Fork ametoka, lakini yeye mwenyewe ametolewa gari moja akapandishwa jingine, na pingu zake mkononi.

Utauliza nilizionaje hizo herufi. Opaline wa kituo cha mafuta alinifungulia kwenye simu yake. Na kwa kuwa Opaline ana mdomo, heri uyasikie kwangu. Kila Ijumaa tangu Desemba nimekuwa nikinunua lile gazeti la nyuso za waliokamatwa. Nalisomea ndani ya pikapu kisha nalitupa kwenye pipa la kituo, lisije likaonekana nyumbani. Siku hizi Opaline analipitia kabla yangu na kuniambia, "Mzee Delmer, leo hayumo," nami nalinunua vilevile. Sasa umejua, na tusilizungumze.

Anayemdai ni kaunti ya Teel. Oktoba waliwahi kumshika, wakamwachia, akakosa kufika mahakamani. Nilikwenda Teel. Binti wa dirishani aliniambia hawana mtu kama huyo, na alisema kweli. Teel haina jela tangu paa lilipoanguka, na mahabusu wake wanapangishiwa vitanda katika jela ya Bascom, mwendo wa saa nzima. Na Bascom kwenye mtandao huweka watu wao tu, hao wapangaji hawawaweki. Ungekodoa macho mwaka mzima usingemwona. Ni mpaka mtu aende dirishani aulize.

Basi nikaenda, nikauliza. Siku hizi huonani na mtu uso kwa uso; unakalishwa mbele ya televisheni chumba kimoja, yeye yuko chumba cha pili, na kati yenu ni ukuta tu. Tulipewa dakika kumi na tano. Sita za kwanza sikusikia neno, mpaka askari akaja kuongeza sauti.

Hali yake si mbaya. Jicho limepona, mikono haitetemeki. Alinieleza kwamba tarehe 24 Aprili hakimu anaweza kumwachia aende kliniki kila asubuhi akanywe dawa ya kumwachisha vidonge mbele ya muuguzi, lakini lazima apatikane mtu mwenye makazi ya kudumu humu jimboni, atie sahihi kwamba atakaa naye. Asipopatikana, atafungwa miezi kumi na moja, kisha atatolewa hana pa kulala. Hakuniomba. Alinieleza tu, huku ameinamia meza. Nami nilimuaga nikaondoka.

Cherehani ile, Marlena. Mama yako alikushonea gauni la harusi kwayo.

Baba yako


Dayton
5 Aprili 2018

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima baada ya safari zote hizo. Nimeisoma barua yako nimesimama, koti sijavua. Ahsante. Ahsante kwa Teel, kwa Bascom, na hata kwa hilo gazeti ambalo tumekubaliana tusilizungumze.

Cherehani naililia na mimi. Sitakuambia ni kitu kidogo. Lakini tulikuwa tukimsikia Mama akisema mtoto akikunyea mkono hauukati, na Corbin alimnyea mkono zaidi yetu sote, naye hakuukata. Ningekuwa naishi Kentucky ningetia sahihi leo. Hakimu hataki anwani ya Ohio, nimeshapiga simu kuuliza.

Matangazo ya vifo bado sijaacha kuyafungua. Hao anaowafahamu Corbin, wawili nimewaona humo mwezi huu, na mmoja alikuwa ametoka jela siku tatu tu. Ninachoogopa ni hicho, Baba. Akitoka hana mtu, hamalizi wiki.

Uamuzi ni wako, nyumba ni yako. Ukisema hapana nitabaki kuwa binti yako na sitakulaumu. Sitaandika tena juu ya hili mpaka unijibu.

Binti yako,
Marlena


Pruett
6 Mei 2018

Binti yangu,

Sisi hatujambo, natumaini nanyi mko salama. Najua umengoja mwezi mzima, na ahadi yako ya kunyamaza umeitimiza. Nisamehe. Kuna mambo yalinishinda kuyaandika.

Tarehe 23 Aprili nilikwenda Bascom kumwambia hapana. Sitakuficha. Nilitaka aisikie kwangu mimi, asije akaisikia kwa wakili mbele ya watu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Aliyekuwa dirishani siku hiyo ni Gaither. Huenda humkumbuki, ni kijana niliyemfundisha kazi Pruett, na sasa ana mvi. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniletea karatasi ya kuandikishwa ya Corbin, akaigeuzia upande wangu na kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

Mstari huo naujua. Baada ya jina, picha, vidole na viatu, unamuuliza mtu: ukipatwa na jambo humu ndani, tumwambie nani? Nimeuuliza miaka kumi na tisa. Wenye wake hutaja wake, wenye mama hutaja mama. Lakini wale wa vidonge, wengi wao hutazama chini na kusema "hakuna", nami nilikuwa naandika "hakuna" na kumwita anayefuata. Sikuwahi kupoteza usingizi kwa ajili ya neno hilo.

Palikuwa pameandikwa: Delmer Coffey. Uhusiano: baba. Na namba ya simu ya nyumba hii.

Gaither akafunua karatasi ya chini yake, ile iliyotoka naye Laurel Fork. Delmer Coffey, baba. Akafunua na ya tatu, ya Oktoba, Teel. Delmer Coffey, baba. Mara zote tatu ni baada ya mimi kumwambia asikanyage kwangu. Nilikasirika, Marlena, kwa kuwa sikujua nikasirike na nani. Nikamuuliza Gaither mbona miezi yote hiyo hakuna hata mmoja aliyenipigia.

Gaither akasema, "Mzee, si wewe uliyetufundisha? Namba hiyo tunaipiga mtu akifa."

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la ukutani, nikalia, watu wakinitazama. Simu ya nyumba hii nimeitukana miaka mingi kwa sababu hailii. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa kila siku ambayo haikulia.

Kwenye televisheni yao sikwenda kabisa. Nililala Bascom, asubuhi nikawa mahakamani, na hakimu alipouliza kama yupo mtu, nilisimama na magoti yangu haya. Corbin alikuwa hajui kama nipo. Sitaweza kukueleza uso wake ulivyokuwa, na sitajaribu.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Koti lako limemtosha, ingawa joto limekuja. Usiku hatulali vizuri, yeye kwa jasho na mimi kwa kumchungulia. Mara mbili tumegombana, na mara moja alitoka akaenda mpaka barabarani, akasimama, akarudi. Ya kesho siijui. Sijui hata kama nimemsamehe, maana kila nikikipita chumba cha mama yako naitazama nafasi ile tupu. Lakini ng'ombe haelemewi na nunduye, na huyu ni wangu.

Kila asubuhi saa kumi na mbili tuko kwenye pikapu kwenda kliniki. Siku ya kwanza walimpa fomu, na mwisho wake kuna mstari ule ule. Nikaichukua kalamu nikaandika jina langu mwenyewe. Kisha nikamwambia muuguzi, "Ninyi msingoje jambo kubwa. Nipigieni hata akichelewa dakika tano."

Njoo ukipata likizo. Zelma ataleta maharage, na chumvi utakuja nayo wewe.

Baba yenu