Taa ya Mwizi kwenye Gari la Baba Mdogo

Purity, mvumilivu huzikuta zimeoza. Mahojiano yangu ya kazi kule Kajiado yalikuwa saa tatu. Saa tano bado niko Kitengela, ndani ya gari la Baba mdogo Lesiamon.

Gari haliwaki! Ile taa nyekundu ya ufunguo inamweka tu. Fundi Wasike akaniambia, "Madam, gari inadhani wewe ni mwizi." Watu wakacheka.

Mwizi! Mimi!

Baba mdogo naye, "Gari inajua mikono ya mwanamke." Purity, mikono ya mwanamke!

Ndipo nikaona. Baba mdogo alikuwa amefunga ufunguo wa akiba kwenye shanga zilezile zilizoshika ufunguo wa kuwashia gari, eti usipotee. Funguo mbili zikikaribiana, gari linachanganyikiwa na kujifunga. Nikakata uzi, nikaurusha wa akiba kiti cha nyuma, gari likawaka papo hapo.

Nikamuuliza mbele ya wote, "Na hii ilifungwa na mikono ya nani?"

Nimefika Kajiado wamemaliza. Sasa Mama anataka nimwangukie Baba mdogo, kwa maneno yale na kwa shanga alizotungiwa na Koko, nyanya yetu.

Nimechoka. Shanga nitazitunga upya. Msamaha siombi.