Nywele za Jandira

Cachoeira, Jumanne

Mama Zuleide,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa siku ile ulimchukua mjukuu wako bila hata kuniaga. Huku hatujambo. Mpapai umezaa, na kuku wa Jandira ametotoa vifaranga. Mwambie nawatunza mpaka arudi.

Uliwaambia watu wa ofisi ya watoto kwamba nilimtesa mwanangu kwa kumnyoa. Alinyolewa alipoingizwa katika dini yetu ya orisha, miungu ambayo mababu zetu walikuja nayo kutoka Afrika, kama nilivyonyolewa mimi na bibi yangu. Alijishika kichwa akacheka, akasema, "Mama, nimekuwa yai." Mtoto anayeteswa hacheki hivyo, mama mkwe.

Jana hakimu aliniambia, "Dada, serikali yetu haina dini." Ukutani, juu ya kichwa chake, ulining'inia msalaba mkubwa. Karani akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mchawi kapendeza leo." Nilisikia. Kesi imesogezwa hadi Agosti, na mpaka hapo mtoto anabaki kwako.

Wakili anasema sheria iko upande wetu. Namwamini, kwa sababu nikiacha kumwamini sitaweza kuinuka kitandani.

Sikuombi uipende dini yangu. Jandira ana mwiko wa kula kaa wa baharini, kwa hiyo usimlazimishe kunywa supu ya kaa. Na nywele bado ni fupi, basi mfunge kitambaa cheupe anapotoka nje. Ukikataa kumfunga kwa ajili ya orisha, mfunge kwa ajili ya jua.

Mimi, mama yake Jandira,
Rosinete