Ukuta wa Rangi ya Mafuta

Hosteli Namba 4, Welkom
Agosti 2, 1982

Mpendwa Mama Nthati,

Salamu nyingi kutoka huku migodini. Mimi mzima. Kifua kinanisumbua kidogo asubuhi, ila si cha kukukosesha usingizi. Hofu yangu ni kwenu: wewe, Nthati, Tumelo na mama yangu. Magoti yake yanaendeleaje? Na yule maksai wa pembe moja, bado anavunja ua wa jirani?

Barua hii anakuletea Phoofolo, mkataba wake umekwisha. Pamoja nayo utapata makopo manne ya rangi: buluu, nyekundu, njano na nyeupe. Ni rangi ya mafuta, ile wanayopaka kwenye milango ya ofisi huku. Usiseme nimerukwa na akili, nisikilize kwanza.

Tulioana Krismasi, na sasa ni miaka tisa. Kila mwaka mwezi wa nane, mavuno yakishaingia ghalani, unaisiriba nyumba upya na kuichora. Kila mwaka mvua za mwezi wa kumi zinafuta. Mimi ruhusa yangu ni Krismasi. Kwa hiyo miaka tisa nakuja nakuta ukuta wa kahawia umechuruzika, na watu wananiambia, "Tseko, ungeuona ulivyokuwa!" Phoofolo ameuona. Mwenye duka ameuona. Hata yule fundi redio aliyepita kijijini siku mbili ameuona. Mimi mwenye mke na mwenye nyumba sijauona hata mara moja, na inaniuma.

Paka ukuta mmoja tu, ule wa mbele, kwa rangi isiyofutika. Nataka nikitokea pale kilimani niuone.

Wabusu watoto. Mama umwambie blanketi lake nimeshaliona dukani.

Ni mimi mumeo,
Baba Nthati


Ha Seutloali, Quthing
Septemba 5, 1982

Baba Nthati,

Salamu zako zimefika, na makopo pia. Sisi wazima, isipokuwa Tumelo aliyemeza mbegu ya pichi na sasa anangoja mti uote tumboni. Magoti ya mama yako yanauma akiitwa kubeba maji. Akisikia kuna pombe ya mtama kwa jirani yanapona. Maksai amevunja ua tena. Vipi hicho kifua? Chemsha maji uvute mvuke, usijifanye kijana.

Nimefanya ulivyotaka. Lakini nikueleze yote, usije ukayasikia kwa wengine. Makopo niliyaficha chini ya kitanda wiki mbili. Mama yako akayakuta akimtafuta kuku anayetagia ndani.

"Hii inafutika kwa maji?" akaniuliza.

"Haifutiki, mama."

"Mwanangu, tunachora ili wazee waliolala waone tunawaita. Wanateremsha mvua, mvua inachukua mchoro, ndipo tunajua wamepokea. Sasa wewe unataka kuwaandikia barua halafu ukae nayo mkononi?"

Nilikuwa najua, Baba Nthati. Nalijua hilo tangu nilipokuwa msichana nakanyaga udongo kwa mama yangu. Nikajiambia ni ukuta mmoja tu, nyingine tatu nitazichora kwa udongo kama kawaida. Na nilitaka uone. Nisikufiche, nilitaka mno.

Tumefanya siku nne. Tumelo alikanyaga udongo na mavi ya ng'ombe mpaka akawa mwenyewe ni wa kusiribwa. Nthati nilimpa kona ya chini karibu na mlango, akachora mistari yake kwa uma, imepinda kidogo, sikuigusa. Ukuta ulipokauka nikafungua kopo la buluu. Sijawahi kuwa na buluu maishani. Makorongo yetu yana udongo mwekundu, wa njano, mweupe, mweusi, buluu haichimbiki. Nilikaa na kopo lile mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake, naogopa kulimwaga. Kisha nikaanza, na sikula mpaka jua likazama.

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mama yako aliitazama akasema, "Ni nzuri," akaingia ndani. Hajasema zaidi.

Mkeo,
Mama Nthati


Welkom
Septemba 26, 1982

Mama Nthati,

Uko salama? Watoto? Mama? Mimi kifua kimepoa, mvuke umesaidia.

Barua yako nimeisomea chumba kizima, watu kumi na sita. Nilipofika kwenye mti wa pichi tumboni walicheka mpaka induna, msimamizi wa hosteli, akaja kuuliza. Sasa wananiita Tseko wa Buluu. Chabeli wa Mafeteng anasema wake zao nao watatumiwa makopo. Nimewaambia rangi inanunuliwa, mikono hainunuliwi.

Mama ni mtu wa zamani, mpe muda. Akiona nyumba imependeza Krismasi atasahau. Nakatakata siku kwenye kalenda. Usiuguse kabisa mpaka nifike.

Mumeo,
Baba Nthati


Ha Seutloali
Oktoba 24, 1982

Baba Nthati,

Nakusalimu. Wazima kwa maana ya kutokuwa wagonjwa.

Mvua haijanyesha. Mwaka jana siku kama hizi mahindi yalikuwa yamefika kifundoni. Mwaka huu ardhi ni ngumu, jembe linarudi juu. Ng'ombe wanatuhesabisha mbavu zao. Chemchemi imebaki ya kuchota kwa kata.

Maneno yalianzia hapo kwenye chemchemi. Nilifika na ndoo, Mama Lineo akawaambia wenzake, "Mpisheni huyu achote, ana haraka. Mvua yetu kaifungia ndani ya makopo." Wakacheka. Nikacheka nami, nikidhani ni utani. Siku ya pili hawakucheka.

Jumamosi niliita ujima wa kubeba samadi shambani. Nilipika pombe mitungi mitatu, nikachemsha maboga, nikachinja jogoo. Walikuja wawili: shangazi yako, kwa kuwa ni ndugu, na Sekete mlevi, kwa kuwa ni pombe. Mimi na Nthati tumebeba samadi mpaka mikono ikachubuka. Mitungi miwili nimeimwaga.

Jana chifu kaniita. Hakunifokea, bora angefoka. Alisema, "Mama Nthati, sikuamuru. Lakini kijiji kizima kimeomba kwa kuta zake na michoro yote ipo inangoja mvua. Mmoja tu unasema hautaki kufutwa. Watu wanauliza wazee wataelewaje." Mama yako alikuwepo. Nilimtazama anitetee. Akatazama fimbo yake.

Ikifika mwishoni mwa Desemba bila mvua, hakuna mahindi ya mwaka huu. Najua rangi haizuii mawingu. Nalijua hilo mchana. Lakini nikiwa peke yangu nauangalia ukuta ule, naogopa. Niambie nifanye nini.

Mkeo,
Mama Nthati


Welkom
Novemba 7, 1982

Mama Nthati,

Salamu.

Mvua haijanyesha Quthing, haijanyesha Mafeteng, haijanyesha Free State yote hii ninayoiona toka dirishani. Makaburu nao wamepaka ukuta wako? Mwambie Mama Lineo anijibu hilo.

Ile nyumba nimeijenga mimi. Kila jiwe la msingi nimelitoa kwenye mgongo wangu. Naingia shimoni alfajiri, natoka jua limezama, na kitu kimoja tu nilichoomba kwa miaka tisa ni kuona ukuta. Sikuomba kikubwa. Atakayeugusa atajibizana na mimi, awe chifu, awe mama yangu, awe wewe.

Zimebaki wiki sita. Vumilia wiki sita.

Tseko


Ha Seutloali
Novemba 21, 1982

Baba Nthati,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, nione kama kuna mahali umeuliza habari za watoto. Hakuna, lakini nakupa.

Jumanne nilimtuma Nthati chemchemini mapema. Alirudi saa nne na ndoo tupu. Kila zamu yake ikifika, mama mmoja anamsogeza nyuma. "Ngoja kidogo, mtoto mzuri." "Pisha wakubwa." Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimsogeza tu mpaka maji yakakwisha. Akanikuta jikoni akasema, "Mama, na ile kona yangu nayo inazuia mvua?"

Nilichukua jembe nikaenda mbele ya nyumba.

Nimeukwangua, Baba Nthati. Mimi mwenyewe, si chifu wala mtu mwingine. Rangi ilikuwa imeshikana na udongo, ikawa inatoka vipande vipande vikubwa kama magamba, na nyuma yake mawe yako yakabaki uchi. Nilianzia na buluu, maana nilijua nikianzia kwingine buluu nitaiacha. Kuku walikuja kudonoa vile vipande, wakavitema. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Mama yako alitoka na jembe la pili. Kwa magoti yale. Akaanza upande wa mlango, akakwangua mpaka tukakutana katikati. Kisha akasema, "Ningekutetea siku ile kwa chifu. Niliogopa." Nikamwambia hata mimi niliogopa. Tukaketi chini tukanywa motoho, uji wetu mchachu, kwenye kibuyu kimoja.

Kasirika ukitaka, una haki. Lakini mimi ndiye ninayeishi hapa.

Mkeo,
Mama Nthati


Welkom
Desemba 1, 1982

Mama Nthati,

Barua imefika.

Wametangaza wanataka watu wa kubaki kazini Krismasi. Nimeandikisha jina. Sioni kinachoniita nyumbani.

Tseko


Welkom
Desemba 6, 1982

Mama Nthati,

Nakusalimu sana, na Nthati, na Tumelo, na mama yangu. Nauliza hali zenu mmoja mmoja, maana barua mbili zilizopita sikuuliza na nimeona haya.

Phoofolo amerudi kwa mkataba mpya. Nilimlalamikia usiku mzima habari za ukuta. Alinisikiliza akivuta kiko. Mwisho akasema, "Nilipita kwako kuaga. Mkeo amekonda. Shamba halina hata jani. Mama yako anamwachia Tumelo sahani yake na kusema ameshiba. Na wewe hapa unalilia picha." Nilitaka kumpiga ngumi. Nikashindwa, maana habari za shida zenu ulikuwa umeniandikia wewe mwenyewe, nami nilisoma habari za ukuta peke yake.

Nimekwenda kufuta jina langu. Karani kanicheka, lakini kafuta. Nitapanda basi tarehe 23, tarehe 24 nitakuwa pale kilimani. Nakuja na magunia mawili ya unga na blanketi la mama. Uchore au usichore, nakuja kuwaona ninyi.

Nisamehe, mke wangu. Msomee Nthati sehemu hii: kona yako haikuzuia kitu, mwanangu.

Mumeo,
Baba Nthati


Ha Seutloali
Desemba 14, 1982

Baba wa wanangu,

Sisi wazima, na leo naliandika neno hilo kwa moyo mmoja. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama njiani, sikuweza kungoja nifike nyumbani. Nthati amesomewa. Ameniomba hicho kipande cha karatasi akakikunja ndani ya kitabu chake cha shule.

Nikupe habari. Mvua haijanyesha. Ukuta niliukwangua wiki nne zilizopita, na mbingu ni zile zile, nyeupe kama bati. Wiki ya kwanza watu walitazama juu. Wiki ya pili walitazama chini. Wiki ya tatu Mama Lineo alikuja hapa uwanjani, amejifunika blanketi mpaka puani katika jua lile, akakaa muda mrefu akisifia mipichi isiyo na pichi hata moja. Halafu akasema, "Mama Nthati, michoro yetu imechakaa kwa jua na vumbi. Tunataka kuomba upya. Wewe ndiye unayejua. Njoo utuchoree."

Mama yako akadakia kutoka ndani, "Kwani ndoo ya Nthati imeshajaa?" Mama Lineo akainamisha kichwa. Kesho yake asubuhi tulikuta ndoo tatu za maji mlangoni, na hakuna aliyesema ni zake.

Nimekubali. Shamba halina la kulima, basi mikono yote ipo. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, wanawake kumi na wawili, wengine wanachimba udongo korongoni, wengine wanakanyaga, mimi nachora na Nthati nyuma yangu na uma wake. Maji ya kukandia tunayapima kwa kikombe. Tumelo ndiye msimamizi, amepewa fimbo na bibi yake. Tumeshamaliza nyumba kumi na moja. Yetu nilifanya ya kwanza, hasa ukuta wa mbele. Hakuna buluu. Lakini nadhani mkono wangu umejifunza kitu kwa ile buluu, mistari imelegea, imepumua. Hata mama yako amesema zaidi ya neno moja.

Sasa hesabu siku. Zimebaki kumi. Kukiendelea kuwa kukavu hivi, utatokea kilimani tarehe 24 na utaona kijiji kizima nimekichora mimi, kuta zimesimama kavu, hakuna tone lililozigusa. Utaona kila kitu kwa siku moja. Na hatutakuwa na mahindi, wala mtama, na ng'ombe hawatafika Februari.

Jana alasiri wingu lilikaa juu ya mlima. Jeusi, la kweli, si lile la kutudanganya. Wanawake wote waliacha kazi wakaanza kuimba, nami nikaimba. Mikono yangu ilikuwa kwenye udongo mbichi wa ukuta wa shangazi yako, na kwa muda mfupi, Baba Nthati, mdomo unaomba mvua na moyo unaliambia wingu liende zake, lirudi baada ya Krismasi. Nakuambia wewe peke yako. Likaenda. Usiku kucha nililala macho.

Leo asubuhi limerudi, kubwa zaidi, na upepo unatoka kule linakokaa. Nimekaa mlangoni naandika upesi kabla mchukuzi wa barua hajapita. Kuku wameingia ndani. Nthati anataka kuufunika ukuta kwa mablanketi mpaka ufike, nimemkataza.

Nimeomba inyeshe. Safari hii kwa moyo wote. Ukikuta kuta tupu, nisamehe, njoo moja kwa moja shambani, tutakuwa tunapanda.

Mkeo,
Mama Nthati