Bati la Landrova la Chooni kwa Mama

Hellen, saa 4:10 asubuhi, hapa Mwaya, Godwin ameng'oa mlango wa choo cha mama. Mama alikuwa ndani.

Si unajua mume wangu anavyokusanya matangazo ya zamani ya Landrova? Mlango wenyewe ni bati la tangazo. Amelililia miaka mitatu, na leo baba akakubali: "Haya, chukua, ulete mlango mwingine."

Hakubisha hodi. Kwetu kumtazama mama mkwe usoni tu ni aibu, yeye kamkuta amechuchumaa.

Amechuchumaa, Hellen!

Godwin akafumba macho, akainua bati kumkinga. Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mkwe, usilishushe. Limeandikwa nini?"

"Landrova, mama. Hufika popote."

"Basi nifikishe nyumbani."

Wakavuka uwanja hivyo, Godwin kafumba macho, mama nyuma ya bati anamwelekeza: "Kushoto. Kuna bata." Wageni wa kanisani wako barazani, wanatazama. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia.

Mlangoni mama akasema, "Ndaga, asante mkwe. Sasa kalirudishe."

Saa 5:02 Godwin amepigilia msumari wa sita. Bati liko chooni, nimeliona.