Wati za Kuingia na Wati za Kutoka

Kiminini,
Agosti 2006

Mpendwa mdogo wangu Sifuna,

Pokea salamu za nyumba hii yote. Natumaini wewe, Jentrix na watoto mnaamka salama hapo Bungoma, na kwamba lile jino limeacha kukutawala. Sisi tu wazima. Mahindi yananenepa, nami nashindana nayo.

Amplifaya uliyoiunda niliifikisha Kitale kwa Rotich, yule fundi anayepima mitambo. Unakumbuka sharti la Pasta Muturi: hanunui amplifaya hata moja kwa ajili ya makanisa yake mpaka ipimwe kama inachafua umeme, kwa sababu ile ya zamani ikiwashwa, friji ya chanjo ya zahanati jirani huvuma na kupata moto. Nami najua kazi hiyo ikikupita, kibanda chako utakifunga. Basi niliibeba kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Rotich alinieleza kwamba mashine nyingine hazinywi umeme polepole kama mtu na uji wake. Zinaudonoa kama kuku, na kule kudonoa ndiko kunakoharibu umeme wa majirani. Hapo nilielewa. Kisha akasoma zile wati 800 ulizopaka rangi nyekundu ubavuni, akauliza ni za kuingia ama za kutoka. Nikamjibu ni za Bungoma. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ati kuna nguvu inayovutwa ukutani, na kuna inayopelekwa kwenye spika, na hizo mbili hazilingani. Mimi, mwalimu wa hesabu mzima, nilidhani wati ni kama kilo ya mahindi: unapima mara moja, unafunga gunia. Nikamwambia basi aifungulie yote tuone. Akakataa. Amplifaya, akasema, anaipima ikitoa sehemu moja tu ya nane ya nguvu za kutoka alizotangaza mtengenezaji, kwa sababu hakuna kwaya inayopiga kelele yote wakati wote. Nilitaka kumwambia hajasikia kwaya ya Mama Nabwile.

Moja ya nane ya mia nane ni mia. Hiyo niliipata. Akaipandisha kuelekea mia. Ndugu yangu, ililia kama mbuzi aliyeshikwa sikio, ikatoa harufu ya kuungua, fyuzi ikaenda. Uchafu kwenye kipimo ulikuwa umeshapita mstari wa kiwango kinachoruhusiwa. Rotich akasema ama mashine ni mbovu ama ile namba ni ya uongo, na nisipomletea nguvu za kweli atalazimika kuandika kwamba imeanguka.

Nilikupigia, mteja hapatikani. Nikampata Jentrix. Akacheka, akaniambia shemeji, si hiyo mia nane ni ya kuita watu tu? Kagwe wa duka la pili ameandika mia sita kwenye zake, sasa Sifuna naye angeandika ngapi, bana? Ndani ni mia na sitini, na mwenyewe anajua.

Rotich akabadilisha fyuzi, akaipima kwa wati ishirini, moja ya nane ya ile mia na sitini. Ikaimba kwa utulivu, na uchafu ukabaki chini kabisa ya mstari. Nilimuuliza mara nyingi kama ni mashine ile ile. Mpaka sasa sielewi vizuri jinsi kitu kinavyoanguka kikiitwa kikubwa, na kupita kikiitwa kidogo, bila mtu kugusa ndani zaidi ya fyuzi.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kabla ya kukuuliza, nilikwenda kwa Pasta Muturi nikamwambia mia nane ni rangi tu. Nilidhani nakuokoa, nilipofika nyumbani nikawa sijui kama sikukuuza. Akauliza, je, friji itavuma? Nikasema Rotich anasema la. Akajibu hilo ndilo alilotaka, ila hatanunua kwa mdomo wangu. Uje Jumapili baada ya ibada, uitamke mia na sitini mwenyewe mbele ya kamati. Ukiitamka, kazi ni yako. Usipokuja, ataagiza Nairobi.

Kagwe ni mwanakamati. Atacheka, najua, na najua unavyochukia kuchekwa. Kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa njiani kuja.

Msalimie Jentrix sana, na watoto mmoja mmoja. Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi kaka yako, asiyejua ya kuingia wala ya kutoka,
Mukhisa