Vinyweleo vya Shavuni

Montréal, 9 Februari

Dada yangu mpendwa Ghislaine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Rimouski, wewe na shemeji Réal. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Katika barua yako umeuliza mara mbili kama mwanao Rosalie anakula huku kwangu. Nitakujibu, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo.

Kazi yangu unaijua: nafundisha wasichana wanaotaka uanamitindo namna ya kujipamba. Watu hudhani ni rangi za midomo na kope za bandia. Hizo tunazimaliza mapema. Mawakala wanaokuja kuwachagua wanataka picha za uso mtupu, nywele zimefungwa nyuma, msichana kasimama mbele ya ukuta mweupe. Kwa hiyo somo lenyewe hasa ni kupamba uso uonekane haujaguswa. Krimu ya kuficha weusi wa chini ya macho inagongwagongwa kwa kidole cha pete, kwa kuwa ndicho kidole kisicho na nguvu. Mwanao alilishika somo hilo kuliko wote, nami nilijivuna, sikufichi. Wenzake wakamtania kwamba mama yake mdogo ndiye mwalimu, atakosaje kushinda? Akawajibu, “Chukueni mama mdogo bure, na nyusi zenu zitabaki hivyo hivyo!” Darasa zima likacheka.

Baada ya Krismasi poda ilianza kunasa kwenye mashavu ya msichana mmoja, Anouk. Alikuwa na vinyweleo laini, vyeupe, kama vya mtoto mchanga. Nikachukua wembe wetu mdogo nikamnyoa, jambo la kawaida katika kazi yetu. Vikarudi vingi zaidi. Kisha wasichana wengine wawili wakawa navyo. Nikaenda kwa Bi Corriveau, mwenye shule. Hakuinua hata macho kutoka kwenye chai yake. “Ni baridi hiyo, Odile. Wewe wanyoe tu. Ukiwatia hofu kabla ya siku ya mawakala, nitatafuta mkono mwingine.” Moyo ulikataa, lakini nilinyoa.

Wiki iliyopita Anouk alianguka kwenye ngazi za shule. Hospitalini nilikompeleka, muuguzi alimtazama shavu, akaniuliza nani amekuwa akimnyoa. Nilijibu ni mimi. Akaniambia kwamba mwili ukishindishwa njaa muda mrefu hujiotesha vinyweleo ili ujipatie joto. Ni dalili ambayo hata mzazi angeiona. “Sasa wewe mama ukawa unaifuta,” alisema. Anouk bado amelazwa, na moyo wake unapiga kwa kusitasita.

Nilirudi nyumbani mbio kumtazama Rosalie. Shavu lake lilikuwa laini, safi. Nikamshukuru Mungu, nikapakua supu ya njegere. Aliongea sana, akacheka, kijiko kikazunguka na kuzunguka, na bakuli likabaki vilevile. Akasema ameshakula shuleni.

Dada, leo asubuhi nilifungua mlango wa bafu bila kubisha. Alikuwa mbele ya kioo na wembe, anajinyoa shavu kwa mkono mwepesi kama nilivyomfundisha. Hakushtuka. Alitabasamu akasema, “Mama mdogo, usimwambie mama. Mawakala wanakuja Alhamisi. Wakishaondoka nitakula hata meza.” Nami, kwa woga wangu, nilitikisa kichwa kukubali, nikaufunga mlango.

Sikupigi simu kwa sababu utataka kumwona kwa video, naye atakuonyesha uso, utasema mwanangu amenawiri. Uso huo ni kazi ya mikono yangu. Barua hii nampa jirani yangu Normand, anayeendesha gari kuja huko mchana huu.

Njoo upesi, kabla ya hiyo Alhamisi. Atakapokufungulia mlango usimtazame usoni, wala usimsikilize akikuambia yuko salama. Mshike mkono, juu ya kiwiko, kama unamkumbatia. Vidole vyako vitakutana. Mimi nilimshika jana, vyangu vikakutana na kupishana.

Msalimie sana shemeji. Mwambie akuendeshe yeye mwenyewe, aulizie njia ya hospitali, na mkifika asizime injini.

Mdogo wako akupendaye,
Odile