Jiwe la Kuzuia Turubai

Kilosa, 7 Julai 1973

Mafuta ya nazi! Mzee mmoja aliyeleta mawe ya kuuza kutoka mlima wa Vidunda aliyapaka yote ili yatung'arie kwenye maonyesho ya Saba Saba. Baada ya shikamoo nilifuta moja kwa pindo la khanga. Kumbe jiwe la mtoni tu.

Nikaokota lingine, lenye vumbi, lililozuia turubai lake. Nikakwaruza nalo chupa ya soda, likaacha alama. Garneti, kito chekundu!

“Hilo siuzi, mwalimu. Nazuilia turubai.”

“Ndilo nilitakalo, mzee.”

Akaniuzia huku akinicheka. Acha acheke.

Mwalimu mkuu naye atanung'unikia pesa nilizotoa, najua. Lakini wanafunzi wangu wanadhani vitu vya sayansi hutoka Ulaya. Jumatatu nitaliweka mezani, niandike “Vidunda”, kisha niwaambie wautazame mlima huo dirishani.